Gramu 41

Barua ya kampuni yangu ya bima ilikuwa na kurasa tatu, lakini jibu lilikuwa sentensi moja: upasuaji wa kupunguza matiti niliouomba hauna ulazima wa kitabibu. Sababu? Daktari wa upasuaji amekadiria kuondoa gramu 400 kila upande. Jedwali lao, kwa mwili wenye ukubwa kama wangu, linataka gramu 441. Nimepungukiwa gramu 41. Jamani, hata yai la kuku lina uzito zaidi ya huo.

Nina miaka 34. Ni mwandishi wa habari hapa Columbus, Ohio, yaani saa nane kwa siku mbele ya kompyuta, shingo imeinama. Kifua hiki nimekibeba tangu kidato cha pili kule Tanga. Mikanda ya sidiria imenichimbia mifereji mabegani. Usiku vidole vinakufa ganzi. Kila kiangazi natokwa na vipele chini ya matiti. Haya yote yamo kwenye faili, maana bima ilitaka yawemo: miezi sita ya mazoezi ya tiba, dawa za maumivu, sidiria maalumu, na picha zangu nikiwa kifua wazi, kutoka shingoni hadi kitovuni, bila kichwa. Nilitii yote. Kisha wakatoa mizani, kama niko buchani.

Mizani hiyo imetoka wapi? Mwaka 1991 daktari Mmarekani, Paul Schnur, alikusanya taarifa kutoka kwa madaktari wenzake kuhusu wanawake waliowafanyia upasuaji huu. Akalinganisha ukubwa wa mwili na uzito ulioondolewa, ili kukisia nani alikuja kwa sababu ya maumivu na nani kwa sababu ya umbo. Kampuni za bima zikalidaka jedwali. Mwanamke mwenye mwili mdogo kuliko wangu anakubaliwa kwa gramu 310. Mimi 400 hazitoshi, hata kama mgongo unatuuma sawasawa. Maumivu hayana safu yake kwenye jedwali lile. Chama cha madaktari wa upasuaji wa aina hii Marekani chenyewe kinasema cha kutazamwa ni dalili za mgonjwa, si uzito wa nyama.

Watasema: bila kikomo, kila anayetaka urembo atakuja kulipiwa na wenzake. Hoja hiyo ina haki ya kujibiwa. Jibu ni lile faili la miezi sita. Tena, upasuaji huu huacha kovu lenye umbo la nanga, chuchu zinaweza kupoteza hisia, na kunyonyesha kunaweza kuwa shida baadaye. Huo ni urembo gani?

Lililonikasirisha zaidi nililisikia kwa daktari. Nilimuuliza kama anaweza kuandika 441 tu, yaishe. Akasema anaweza, lakini akiandika 441 itabidi aondoe 441, kwa sababu kinachokatwa hupimwa na bima inaweza kudai taarifa. Yeye anaona 400 ndizo zinazonifaa. Kwa hiyo nichague: nikatwe zaidi ya ninavyohitaji ili karatasi iridhike, au nisikatwe kabisa. Halafu waniambie wao ndio wanaolinda tiba dhidi ya tamaa ya umbo!

Mama, kwenye simu kutoka Tanga, alikuwa akipinga tangu mwanzo. "Mwanangu, wenzio wanakitafuta kifua hicho." Nilipomsomea barua alinyamaza kidogo. "Eti gramu? Kwani wao ndio wanaobeba?"

Sitaki huruma yao. Nataka uamuzi utoke kwa daktari aliyenishika bega, akaliona kovu la mkanda, akasoma faili. Jedwali litupwe.

Sheria ya afya ya Marekani ya 2010 inanipa siku 180 za kukata rufaa, na wakikataa tena, haki ya kudai mkaguzi huru kutoka nje ya kampuni. Rufaa yangu nimeituma Jumatatu. Na wewe dada uliyeifungia barua kama hii kwenye droo kwa aibu, itoe. Angalia tarehe, hesabu siku zilizobaki, uandike.