Bwana Afya Aje Alfajiri

Maziwa mengi ya Bariadi huuzwa kabla ofisi ya afya haijafunguliwa. Huingia mjini kwenye madumu ya plastiki, nyuma ya baiskeli na pikipiki, na saa mbili asubuhi yamekwisha. Bwana afya akipita saa nne hukagua kadi za wahudumu wa mgahawa na usafi wa choo. Ni kazi halali, ila maziwa yenyewe yameshanyweka.

Sheria hazikosekani. Ipo Sheria ya Maziwa ya 2004, ipo ya Afya ya Jamii ya 2009, na tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Pengine wenye dhamana wamekuwa wengi mno, na dumu linapita katikati yao.

Laktomita, kipimo cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, si kifaa cha gharama. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 26 na 32 hivi. Yakishuka hapo, muulize muuzaji amechota kisima gani. Lakini laktomita haioni vijidudu. Ugonjwa wa kutupa mimba, ambao mfugaji wa Itilima au Meatu anaujua kwa ndama aliowapoteza, humfikia binadamu kwa maziwa mabichi, na homa yake ya kuja na kuondoka hudhaniwa malaria. Kugandisha mtindi hakutoshi kuua vijidudu hivyo. Kuchemsha kunatosha. Meatu ilianzisha kiwanda chake cha maziwa, jambo jema, ila nchi nzima ni sehemu ndogo tu ya maziwa inayofika kiwandani.

Vinu vya kuchambua pamba navyo vina saa zao. Msimu ukifunguka, vibarua hushinda na kukesha ndani ya vumbi linalobana kifua. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003, lakini mkaguzi anayetanguliza barua hukuta sakafu imefagiwa na barakoa mpya zimegawiwa asubuhi hiyohiyo.

Tunaziomba halmashauri za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega ziwanunulie maafisa afya laktomita na kuwapangia zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, njiani madumu yanakopita. Msimu wa pamba, zamu hiyo ifike vinuni usiku, bila taarifa. Nawe msomaji, usiyaamini maziwa kwa weupe wake: yachemshe.