PICHA KWANZA, HUKUMU BAADAYE



Tukikutana hapa Galbet twasema juu ya mishahara, nauli na likizo. Leo naomba tuseme juu ya binti zetu, maana mzazi mwenye mtoto mgonjwa hana raha kazini.

Msichana ana miaka 13 au 14. Matiti yameota, lakini damu ya mwezi haijaonekana. Kila mwezi tumbo la chini lamwuma siku kadhaa, kisha latulia. Hatimaye tumbo lavimba, na haja ndogo yakataa kutoka. Majirani wananong'ona kwamba ana mimba. Baba akasirika, mama alia. Kumbe huenda mtoto hana kosa lo lote. Amezaliwa na njia iliyozibwa, na damu ya miezi mingi imekusanyika ndani.

Shahidi wa kweli ni picha. Ultrasaundi hupitishwa juu ya tumbo, baada ya binti kunywa maji kibofu kijae. Hakuna chombo kinachoingia mwilini. Haigusi ubikira wake, wala haina miale ya eksirei. Kwa dakika chache daktari aweza kuona kama ni mimba au ni damu.

Pengine kizuizi ni kizinda kisicho na tundu, na upasuaji mdogo watosha. Pengine ni ukuta mnene ulio ndani zaidi. Hapo yatakiwa mashine ya sumaku, yaani MRI, ipime unene wake kabla ya kisu. Wako pia wenye miji miwili ya mimba, upande mmoja umezibwa. Hao hupata damu ya mwezi, na mara nyingi figo ya upande ule haipo. Kwa hiyo figo nazo zipigwe picha. Kudunga sindano kwa kubahatisha kwaweza kuleta usaha.

Tena tusifiche: ukeketaji wa kushona, uliokatazwa na sheria ya mwaka 2011, nao waweza kuzuia damu. Daktari aambiwe kweli.

Wengine watasema hayo ni mambo ya wanawake, si ya Chama. Sikubali. Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Fedha ni zetu. Basi viongozi wetu wadai mambo matatu. Kwanza, kila zahanati impe binti mwenye dalili hizi barua ya kwenda kupigwa picha, si vidonge vya maumivu tu. Pili, ziwekwe siku ambazo mpigaji picha ni mwanamke, na mama awe karibu. Tatu, binti akipelekwa Nairobi, safari ya zaidi ya kilomita 350, mzazi apewe ruhusa yenye mshahara.

Nasi wazazi tuna wajibu wetu. Tusimhukumu mtoto kwa maneno ya majirani kabla hatujaona picha.