Plastiki Zote Si za Ukoo Mmoja

Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa nchini tarehe 28 Agosti 2017, neno plastiki limekuwa kama tusi. Niliiunga mkono marufuku hiyo na ningali naiunga, kwani mifuko ilikuwa ikiziba mitaro na kuua mifugo. Hata hivyo, yanishangaza kuwasikia watu wazima, viongozi wakiwemo, wakinena kana kwamba plastiki zote ni za ukoo mmoja na dhambi yao ni moja.

Chukua mfano wa norbonini, molekuli ndogo yenye umbo la pete inayotengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Wakemia huziunganisha molekuli hizo kwa maelfu zikawa mnyororo mrefu, yaani polima. Kichocheo kimoja huifungua pete na kutoa polima inayolainika kwenye nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Ikichanganywa na mafuta, hugeuka mpira mwororo. Ufaransa ilianza kuiuza mwaka wa 1976. Kichocheo kingine huiacha pete nzima, na hapo huzaliwa polima ngumu na angavu isiyolainika hata joto lipitapo nyuzi 300. Malighafi ni ile ile; kilichobadilika ni namna ya kuunganisha.

Si hayo tu. Pachika kwenye pete mkia mrefu wa kaboni na hidrojeni, na polima ile ngumu italegea. Pachika kikundi chenye silikoni na oksijeni, nayo itashikamana barabara na shaba ndani ya vifaa vya elektroniki. Elimu ya vichocheo vya aina ile ya kwanza ndiyo iliyowapa Yves Chauvin wa Ufaransa, na Robert Grubbs na Richard Schrock wa Marekani, Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005.

Sisemi kwamba polima hizi huoza upesi, haziozi. Nasema sheria na iulize: kitu hiki ni cha kazi gani, kitadumu muda gani, na kitaishia wapi? Mfuko wa kubebea nyanya kwa nusu saa haufai kuhukumiwa pamoja na kifaa cha kutumika miaka kumi.

Wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Basi tuwafunze vijana wetu kemia hii, tena kwa Kiswahili, ili kesho watunge sheria kwa ujuzi badala ya hasira.