Nyumba Yako, Ardhi Si Yako

Ukipita Majengo, Tudor, Kisauni mpaka Likoni, utaziona nyumba zetu zile. Vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani choo na jiko, mbele baraza. Mwenyewe anakaa chumba kimoja ama viwili, vingine amepangisha, na hiyo kodi ndiyo unga, ndiyo karo ya watoto. Nyumba ni yake. Akitaka anaiuza, akifa warithi wanagawana mbele ya Kadhi. Lakini ardhi iliyo chini ya nyumba ina mtu mwengine, na huyo lazima apelekewe kodi ya kiwanja.

Hii ndiyo nyumba bila ardhi. Mueleze mtu wa bara kwamba umenunua nyumba na hujanunua kiwanja, atakucheka. Sheria tuliyoachiwa na Muingereza inasema kilichoshikana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Mila ya Pwani inatenganisha: mnazi waweza kuwa wako na shamba likawa la mwenzio.

Mwaka wa 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi kwenye ukanda wa maili kumi. Mwenye dai ajitokeze aandikishe. Waliojua mambo ya karatasi walipata hati. Wengi waliokuwa wakilima na kuzika wazee wao papo hapo hawakupata kitu, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Taji. Uhuru ulipokuja 1963, hati zile ziliheshimiwa vile vile zilivyo.

Zamani watu waliishi hivyo hivyo kwa kuelewana. Sasa kiwanja kina bei. Mwenye ardhi anauza kwa mtu wa maghorofa, kisha mama mjane anagongewa mlango na barua ya wakili, avunje nyumba aondoke. Na benki haiwezi kumkopesha ajinunulie, kwa sababu hana hati ya kuweka rehani.

Wengine watamwambia, "Si umekaa zaidi ya miaka 12, ardhi ishakuwa yako!" Jamani, tusidanganyane. Dai la miaka 12 ni la aliyekaa bila ruhusa ya mwenyewe. Wewe unalipa kodi ya kiwanja, kwa hivyo umekaa kwa ruhusa, na risiti zako zenyewe ndizo zitakazosomwa kortini kukuangusha. Hata hivyo usizitupe. Risiti hizo hizo ndizo zinazoonyesha kwamba wewe si mvamizi, kuna makubaliano, na mtu wa makubaliano hafukuzwi kama mwizi.

Hata huyo anayeitwa mvamizi ana kinga yake. Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu, na unaweza kwenda kortini kabla haijaisha. Tingatinga likija alfajiri bila amri ya korti, hiyo si sheria. Kwa hivyo barua ikifika usiisaini kwa pupa wala usipokee pesa za "kuhama" ukiwa peke yako. Mtaa mzima ukae pamoja, mtu mmoja aende afisi ya ardhi aangalie hati iko kwa jina la nani, kisha mtafute wakili mmoja.

Serikali ikitaka inaweza. Shamba la Waitiki kule Likoni, ekari 930, ilinunua, na 2016 wakaazi wakaanza kupewa hati. Kwa nyumba bila ardhi hatuombi hata hayo. Tunataka bunge litunge sheria ya mambo mawili: nyumba hizi zisajiliwe kwa majina ya wenyewe, na kiwanja kikiuzwa, mwenye nyumba aulizwe kwanza, apewe muda wa kutosha kulipa. Akikataa au akishindwa, basi alipwe thamani ya nyumba yake kabla jiwe moja halijaondolewa.

Wabunge wa Pwani wote wanazijua nyumba hizi. Baadhi yao wamezaliwa humo.