Paris Sio Chimbo: Piga Hesabu ya Nauli Kabla Hujapiga Picha

Leo nina neno ambalo najua halitampendeza kila mtu humu, ila bora tuambiane.

Kuna upepo umeingia kwenye biashara zetu za mtandaoni. Mtu akiuza vizuri miezi sita, anaweka tangazo: "Naenda Paris kuchukua mzigo, leta oda na hela ya awali." Wateja wanatuma hela, yeye anakata tiketi, anapiga picha mbele ya mnara wa Eiffel, anarudi na mabegi mawili. Likes zinamiminika. Ukimuuliza kimya kimya faida ilikuwa shilingi ngapi, anabadilisha mada.

Mimi nauza mikoba na viatu vya kike. Paris nimefika mara mbili, na nikipata nafasi nitaenda tena. Lakini msimamo wangu ni huu: kwa muuzaji mdogo, Paris sio chimbo. Paris ni mahali pa kwenda kuangalia, kujifunza na kuchukua mawasiliano. Ukiichukulia kama Kariakoo ya mbali, nauli, taksi na uzito wa mabegi vitaila faida yako yote, na kama ulibeba hela za wateja, vitakula na hizo.

Nieleze kwa hesabu, maana sisi lugha yetu ni hesabu. Bei nitakazotaja ni za mwaka 2025. Huwa zinabadilika, kwa hiyo hakikisha kabla ya kusafiri.

TUANZE NA VISA

Ada ya visa ya Schengen kwa mtu mzima ni euro 90, na wakikunyima hairudi. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Unatakiwa kuwa na bima ya safari inayofika euro 30,000, mahali pa kulala panapojulikana, na ushahidi kwamba una hela ya kujikimu. Karatasi hizo usiziache kwenye begi kubwa, zitembee na wewe, kwa sababu hata afisa wa mpakani anaweza kuziuliza ukishafika.

Sasa angalia. Hujanunua hata kiatu kimoja, tayari kuna visa, bima, tiketi ya ndege na chumba. Hizo zote zinatakiwa kulipwa na faida ya mabegi mawili. Ndege nyingi zinakupa kilo 23 kwa begi. Kilo 46 za viatu ni jozi ngapi? Pima mwenyewe nyumbani, halafu gawanya gharama zote kwa idadi hiyo. Wengi tukifanya hesabu hii kwa uaminifu, safari inaishia palepale mezani.

UKISHUKA NDEGE, USIMFUATE MTU

Uwanja wa Charles de Gaulle uko kama kilomita 25 kutoka katikati ya jiji. Ukitoka tu, ukumbini kuna watu watakuita "taxi, taxi" kwa sauti ya upole. Achana nao. Taksi halali zina taa juu ya paa na zina foleni yake nje. Bei yake kutoka uwanja huo imepangwa: euro 56 ukienda upande wa kaskazini wa mto Seine, euro 65 upande wa kusini. Mtu akikutajia zaidi ya hapo, sio wa kwenu.

Ila hata hiyo ya halali, kama uko peke yako, ya nini? Treni ya RER B inatoka palepale uwanjani hadi kituo cha Gare du Nord kwa takriban nusu saa, na tiketi ni euro 13. Kwenda na kurudi kwa taksi ni euro 112. Kwa treni ni euro 26. Tofauti ni euro 86. Kama mkoba mmoja unakupa faida ya euro 6, hiyo taksi imekula mikoba 14. Nusu ya begi lako imeishia kwenye kiti cha nyuma cha gari!

Taksi ina maana pale mnapokuwa wanne. Hapo mnagawana 56, kila mtu 14, na mabegi hamyabebi kwenye ngazi.

Wakati wa kurudi kuwa makini na kitu kimoja. RER B ikielekea kaskazini inagawanyika. Nyingine zinaenda uwanja wa ndege, nyingine zinaenda Mitry-Claye. Soma ubao wa kituoni kabla hujapanda, usije ukajikuta kwingine huku ndege inafunga mlango.

PASI YA WIKI: HAPA NDIPO HELA ILIPO

Hiki ndicho watu wengi hawaambiwi. Tiketi moja ya metro ni euro 2.50. Kuna pasi ya wiki inaitwa Navigo, euro 31.60, na kadi yake ya kuanzia ni euro 5 pamoja na picha yako ndogo. Ukiwa nayo unapanda metro, basi na treni za RER mkoa mzima wa Paris, PAMOJA na treni ya uwanja wa ndege.

Lakini wiki yake sio siku saba zozote. Inaanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Na pasi ya wiki iliyopo inauzwa mpaka Alhamisi tu. Ukifika Ijumaa, watakuuzia ya wiki ijayo.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayejua anakata ndege ya kufika Jumatatu na kuondoka kabla wiki haijaisha. Tuseme una siku 5 na unapanda metro mara 4 kwa siku. Kwa tiketi moja moja: 26 za uwanjani, jumlisha 50 za mjini, jumla 76. Kwa pasi: 36.60, kadi ikiwemo. Umeokoa karibu euro 40 kwa kuchagua siku ya kufika tu. Mtu wa Ijumaa na mtu wa Jumatatu wako jiji moja, ila hawatumii hela sawa.

Nyongeza: kila mtu awe na tiketi au kadi yake, msichangie. Na usiitupe tiketi ukishapita getini, wakaguzi wanaweza kukusimamisha popote ndani, na faini yao hailingani kabisa na hizo euro 2.50.

LALA KARIBU NA NJIA, SIO KARIBU NA MNARA

Watu wanalipia chumba karibu na Eiffel ili wapige picha dirishani. Wewe umekuja kazini. Tafuta chumba karibu na RER B au metro namba 4, kwa sababu njia hizi mbili zinakutana Gare du Nord, na namba 4 inakupitisha sehemu nyingi za biashara. Vituo viwili kutoka Gare du Nord ni Château Rouge, mtaa wenye maduka mengi ya Waafrika, vitenge na vyakula. Kituo kinachofuata, Marcadet–Poissonniers, unabadilisha kwenda metro namba 12 inayofika Aubervilliers, kwa wauzaji wa jumla wa nguo na mikoba. Mwisho wa namba 4 ni Porte de Clignancourt, unatembea kidogo mpaka soko la vitu vya kale la Saint-Ouen, ambalo linachangamka Jumamosi na Jumapili.

Kama unaenda kwenye maonyesho ya biashara, mfano Maison&Objet ya vitu vya nyumbani, inayofanyika Januari na Septemba, yako Villepinte, kati ya jiji na uwanja wa ndege. Kituo chake ni Parc des Expositions. Usishuke kituo kinachoitwa Villepinte kwa sababu tu jina limefanana.

SASA KWA NINI NASEMA SIO CHIMBO?

Kwanza, Aubervilliers. Ni kweli ni soko kubwa la jumla. Lakini wafanyabiashara wengi pale wana asili ya China, na sehemu kubwa ya mzigo imetoka China. Ndugu yangu, mzigo wa China uko njia fupi zaidi kwako, unaagiza umekaa nyumbani na unapakiwa kwenye kontena. Kwa nini uufuate Ulaya, uulipie visa, halafu uubebe mgongoni? Na maduka mengi pale yanauzia wenye kampuni iliyosajiliwa, sio mtu wa kipande kimoja kimoja.

Pili, vitenge. Wax maarufu ya Vlisco inatengenezwa Helmond, Uholanzi. Ukiinunua Château Rouge unalipa bei ya dukani ya Paris. Utaiuza bei gani nyumbani?

Tatu, mikoba yenye nembo kubwa inayouzwa barabarani kwa bei ya kutupa. Usiguse. Ufaransa hata mnunuzi wa bidhaa bandia ana kosa kwa forodha. Wananyang'anya na faini juu.

Nne, kuna wanaojipa moyo na kurudishiwa VAT. Ni kweli, anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya akinunua vitu vya zaidi ya euro 100 kwenye duka linalotoa huduma hiyo, anaomba fomu ya détaxe, anaiskani uwanjani kwenye mashine za PABLO kabla ya kukabidhi begi, na anapata sehemu ya kodi. Lakini utaratibu huo ni wa vitu vya matumizi yako. Mikoba 15 ya aina moja ni biashara, na afisa anaiona. Ukifika nyumbani nako, mzigo wa biashara unatakiwa kutangazwa forodhani. Bidhaa nyingi zilizokamilika zina ushuru wa asilimia 25 au 35, halafu kuna VAT ya asilimia 18. Mtu anayekwambia "utapita tu" hatakuwepo begi likifunguliwa.

BASI NISIENDE KABISA?

Nenda, kama hela ni yako na sio ya wateja. Hapo nasimama na sitetereki. Hela ya awali ya mteja ni ya mzigo wake, sio ya nauli yako. Visa ikikataliwa, au begi likikwama, mteja hataki kusikia habari za ubalozi, anataka mkoba wake. Na jina likichafuka mtandaoni, halisafishwi kwa picha ya Eiffel.

Faida ya Paris ni nyingine. Unaingia kwenye maonyesho unaona rangi na mitindo ambayo bado haijafika kwetu. Unaangalia duka dogo linavyopanga bidhaa 20 tu zikaonekana za thamani. Unajifunza kufungasha. Unachukua kadi za watengenezaji, unagusa sampuli kwa mkono, unauliza kiwango cha chini cha oda. Ukirudi unaagiza kwa njia ya kawaida. Hiyo haipimwi kwa kilo, na haina ushuru.

Na ukiingia dukani, anza na "Bonjour" kabla ya swali lolote. Kwao kuuliza bei bila salamu ni utovu wa adabu, kama kwetu tu. Salamu moja inabadilisha huduma nzima.

La mwisho, simu. Sisi simu ndio duka. Gare du Nord na kwenye metro iliyojaa kuna vibaka hodari, na wanapenda sana simu iliyo mkononi karibu na mlango wakati treni inataka kuondoka. Laini ya biashara, ile yenye hela za wateja, iache nyumbani kwa mtu unayemwamini aendelee kupokea oda. Safiri na simu nyingine. Ukiibiwa laini huko, kuirudisha ukiwa nje ya nchi ni shughuli, na duka litakuwa limefungwa siku zote hizo.

Kwa hiyo kabla hujatangaza safari, chukua daftari. Andika visa, bima, ndege, chumba, pasi ya wiki, chakula, ushuru. Jumlisha. Gawanya kwa idadi ya vitu vinavyoingia kwenye kilo zako. Kama kila mkoba unabeba gharama kubwa kuliko bei anayoweza kulipa mteja wako wa Mbagala au Mwanza, jibu unalo. Usibishane na mimi, bishana na daftari.

Hifadhi posti hii, na mtumie yule rafiki yako aliyeanza kukusanya oda za Paris wakati visa bado hana.