Gavana Anakuletea Kiwanda Ocha? Tulia, Uliza Haya Maswali Kwanza

Hii picha najua umeiona. Gavana amevaa helmeti, kuna jiwe limefunikwa na kitambaa, MC anapiga kelele akiambia vijana wa hapo kazi zimefika. Wewe uko Nairobi unaangalia kwa simu unajiambia, wacha nirudi ocha.

Poa, lakini ngoja kidogo.

Mpango wenyewe si uongo. Chini ya ile miradi ya CAIP, kila kaunti kati ya 47 inafaa kupata eneo lake la viwanda. Hesabu ilipangwa kaunti itoe milioni 250, serikali ya kitaifa iongeze milioni 250. Hiyo ni ganji yako ya ushuru. Shida ni kwamba jengo si kiwanda. Mwenye mashine haendi mahali ameitwa na mwanasiasa, anaenda mahali hesabu yake inalipa. Na hiyo hesabu inategemea anatengeneza nini.

Kuna viwanda zinafuata malighafi. Chukua miwa. Ikishakatwa, utamu unaanza kushuka, kwa hivyo lazima ifike kinuni haraka, ndani ya siku moja ama mbili. Pia ni nzito: tani kumi za miwa zinakupa kama tani moja tu ya sukari. Nani atalipa lori kubeba hizo makapi mpaka Nairobi? Ndio maana Mumias ilijengwa katikati ya mashamba. Majani chai ni vilevile, na ndio unaona viwanda vyake Kericho na Murang'a, si Industrial Area. Simiti nayo inafuata mawe ya chokaa. Bamburi ilikaa Pwani kwa sababu mawe yako hapo hapo chini.

Zingine zinafuata mteja. Mkate ukikaa sana unaharibika. Soda na bia ni maji mingi ndani ya chupa nzito, na maji unaweza kupata karibu na mji. Godoro nayo ukiibeba mbali unalipia lori kusafirisha hewa. Hizi zote zinataka kuwa karibu na watu wengi wenye doo. Si ajabu Kenya Breweries, iliyoanza 1922, ilikaa Ruaraka.

Halafu kuna zile zinafuata barabara, bandari na mikono ya watu. Angalia nguo za EPZ pale Athi River. Kitambaa kingi kinatoka Asia, kinaingia na bandari ya Mombasa, kinashonwa hapo, kinarudi Mombasa kwenda Marekani. Athi River hakuna shamba la pamba, lakini kuna Mombasa Road, kuna msamaha wa ushuru, na kuna maelfu ya wasee wa Mlolongo na Kitengela wanaamka saa kumi usiku kutafuta kibarua. Pia kuna AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka wa 2000 iliyofungulia nguo zetu soko bila ushuru. Kila muda wake ukikaribia kuisha, hao wasee hawalali. Kazi yao inategemea kura inapigwa Washington.

Na usisahau stima. Eneo la viwanda la Naivasha liliwekwa karibu na Olkaria kwa sababu mvuke wa hapo ndio unazalisha stima. Stima ikilemea kiwanda, hata malighafi haiwezi kukiokoa. Pan Paper ya Webuye ilikuwa na mto Nzoia kando na miti ya karatasi si mbali, na bado ilifungwa 2009. Deni la stima lilikuwa kwa hiyo stori. Kiwanda kilipozima, maduka na ploti za mji mzima zilishikwa na baridi.

Sasa rudi kwa jiwe la gavana. Siku akija kwenu, muulize hivi. Mashine itasaga nini, na hiyo kitu inatoka wapi? Mashamba ya hapa yataweza kuilisha mwaka mzima, ama embe zikiisha inalala mpaka msimu mwingine? Stima ya kiwanda imefika, ama ni ile inapotea kila mvua ikinyesha? Barabara mpaka soko ikoje? Nani ameshakubali kununua, na ameweka sahihi?

Kuna wenye walianza na hilo swali la kwanza. Makueni wana embe, ndio wakaweka kiwanda cha matunda pale Kalamba, karibu na wakulima. Hiyo angalau inaanza na kitu iko shambani, si kitu iko kwa manifesto.

Kaunti haiwezi kuhamisha bandari ama kuchimba chokaa mahali haipo. Lakini barabara, maji na kusaidia mkulima inaweza. Hapo ndipo unafaa kumbana mheshimiwa, hasa sai 2027 ikinukia.

Akikosa majibu, jua hicho ni godauni tu na rangi mpya. Usiache kibarua chako Athi River kwa sababu ya helmeti. Siku utaona laini ya stima imevutwa na wakulima wamelipwa mzigo wa kwanza, hapo sasa tafuta gari ya kurudi ocha.