Kisu Kinasingiziwa

Mtu akikatwa uvimbe wa ulimi, kisha ukaota mwingine, hukumu hutoka kabla ya majibu ya maabara: si tulisema, saratani ikiguswa na kisu hukasirika! Maneno haya utayasikia msibani na kwenye daladala, na wasomi nao huyaitikia. Ndiyo maana mwenye kidonda kidogo cha kinywani, kile ambacho kingekatwa kikaisha, anakimbia hata kipimo cha kuchukua kinyama. Anarudi hospitali taya limeshaharibika, na akifa, kisu kinashtakiwa upya.

Lakini uharibifu hutapakaa kabla daktari hajashika kisu. Mwaka 1953 Danely Slaughter na wenzake, huko Marekani, waliandika kuhusu wagonjwa 783 wa saratani ya kinywa: kuzunguka uvimbe, utando ulioonekana mzima kwa macho ulikuwa umekwisha kubadilika. Mwaka 1995 kundi la David Sidransky wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins likachimba zaidi, kwenye jeni. Lilichukua wagonjwa 25 ambao, kwa hadubini, kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi. Kisha likatafuta kwenye kingo hizo kasoro ileile ya jeni ya TP53 iliyokuwemo kwenye uvimbe. Kwa wagonjwa 13 ilikutwa, na 5 kati yao saratani ikawarudia palepale. Kwa 12 waliobaki haikukutwa, na hakuna hata mmoja aliyerudiwa. Wote 25 walipitiwa na kisu. Kama kisu ndicho kinachoikasirisha saratani, mbona kwa hawa 12 haikukasirika?

Tena si kila uvimbe wa pili ni ule wa zamani. Jeni zikilinganishwa, mara nyingine kasoro za uvimbe mpya hukutwa ni tofauti kabisa: hiyo ni saratani nyingine, imezaliwa kivyake. Moshi wa sigara na pombe havichagui nukta moja. Vinapita kinywa na koo zima, miaka nenda miaka rudi. Na ajabu, ndugu walewale wanaozuia upasuaji ndio wanaompelekea mgonjwa ugoro.

Madaktari nao wasijifiche nyuma yangu. Wakisema wameitoa saratani yote, wanamaanisha yote iliyoonekana kwa hadubini, basi. Mgonjwa aelezwe hivyo, na aelezwe pia kwamba saratani hizi zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, ili akiitwa kliniki asidhani anapotezewa nauli.